Mtu Chini ya Jiwe la Msafara

POLISI – MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ruweida Jabir Shaame
Umri: Miaka 34
Dini: Muislamu
Kazi: Mshika bendera, matengenezo ya barabara
Makazi: Tibirinzi, Chake Chake
Tarehe ya maelezo: 17/08/2024

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu. Nimeambiwa kwamba msimamizi wetu wa kazi, Bwana Ridha, amelalamika kuwa nilifunga barabara bila ya ruhusa yake. Naeleza ilivyokuwa.

Mnamo tarehe 14/08/2024, saa tatu asubuhi, nilikuwa kazini Mgogoni, pale barabara inapopanuliwa. Ukingoni pana jiwe lenye maandishi ya Kiingereza. Wenyeji wanaliita jiwe la msafara. Wanajua ni ukumbusho wa askari wa kikoloni waliopita hapo kwa miguu, basi. Watu hufunga mbuzi pale. Tangu nianze kazi nilikuwa nikilitazama na kujiuliza askari wale walikuwa wakienda wapi, na kwa nini jiwe liwekwe pale penye migomba mitupu.

Asubuhi hiyo Hudhaifa, dereva wa kijiko, aliambiwa alihamishe jiwe upande wa pili. Alipolinyanyua na kulilaza kando, udongo wa chini yake ulimeguka, naye akazima mashine na kuteremka. Nilisogea nikaona fuvu la mtu. Hudhaifa alifukua kidogo kwa mikono. Mtu yule alikuwa amelazwa ubavu wa kulia, ameelekea kibla, kama tunavyozika sisi. Lakini shingoni alikuwa na pete nene ya chuma, na kipande cha mnyororo.

Jambo hilo lilinishangaza na bado linanishangaza. Aliyemzika alimlaza kwa heshima zote. Mbona hakumvua kile chuma? Hakuweza, au hakupewa nafasi?

Bwana Ridha alikuja akatazama. Akasema, "Fukia, Hudhaifa. Tukiita watu hapa, kazi italala mwezi mzima."

Hudhaifa akasema, "Bwana Ridha, huyu ni maiti."

"Maiti wa zamani. Fukia."

Hudhaifa alipanda kwenye mashine lakini hakuiwasha. Mimi nilirudi mahali pangu nikageuza kibao changu cha kusimamishia magari upande mwekundu. Shamima, mshika bendera mwenzangu aliyekuwa upande wa pili, alifunga kwa kufuata ishara yangu tu, hakujua sababu. Naomba asiguswe. Magari yalijaa pande zote mbili, watu wakaanza kushuka kuja kuangalia. Baada ya hapo pasingeweza kufukiwa tena kimya kimya.

Miongoni mwa walioshuka alikuwepo Bi Mize Kombo, mtu mzima sana, anakaa Makoongwe, alikuwa akitoka kumtazama mgonjwa. Aliniuliza, "Kuna nini, mwanangu?" Nikamshika mkono nikampeleka. Aliinama akaitazama ile pete ya chuma. Kisha akasema, "Mamangu kanambia, babu yake kachukuliwa kwa nguvu na maaskari kwenda kuwabebea mizigo. Katoka nyumbani na nguo aliyovaa. Jina lake Kificho. Hawakumuona tena."

Mimi siwezi kusema kama ni yeye. Bi Mize mwenyewe hakuapa.

Akamuuliza Bwana Ridha, "Na jiwe lasema nini? Nisomee, miye Kizungu sikijui."

Bwana Ridha hakutaka, lakini watu walikuwa wanamtazama. Akainama akasoma, akawa anafasiri. Kwamba kikosi kilipita njia hii kwenda kutuliza ghasia. Mwaka ulikuwa umefutika. Majina mawili ya maofisa. Alipofika mstari wa mwisho sauti ilimpungua. "Walifika salama. Hakuna aliyepotea."

Bi Mize akasema, "Kweli. Hakupotea. Walimkalishia jiwe juu yake."

Bwana Ridha alivua kofia yake ya kazi, akaenda kukaa kwenye gari. Hudhaifa ndiye aliyewapigia simu polisi.

Juzi daktari alisema mifupa ni ya zamani mno, hapana wa kushitakiwa. Sheha, kiongozi wa serikali wa pale, aliruhusu mtu yule azikwe makaburini Mgogoni. Fundi wa madirisha ya chuma alikikata kile chuma kwa msumeno, polepole, na Bi Mize alikishika kichwa kwa viganja vyake mpaka chuma kikaachia. Nilikuwepo. Ofisa wa polisi aliyekuja alikichukua kile chuma. Jiwe bado limelala chali kando ya barabara, na sijui litawekwa wapi.

Jana niliambiwa nisirudi kazini. Nimeulizwa hapa kituoni kama niligeuza kibao kwa bahati mbaya, kwa kushituka. Hapana. Niliifunga barabara kwa makusudi.

Sina jingine, haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya.

Sahihi ya shahidi: R. J. Shaame

Maelezo ya mpokeaji: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Nilimshauri mara mbili kuhusu neno "makusudi", kwa kuwa linaweza kumponza. Amesema libaki. Limebaki.

Koplo Mwalim Faki