Maji ya Rosa Yapate Joto

Jumanne, 8 Julai

Maji nyuzi kumi na saba saa moja asubuhi. Sawa na jana, sawa na juzi. Kipimajoto hakidanganyi. Nilitoka nacho kiwandani siku niliyostaafu, baada ya miaka thelathini ya kulisha boila.

Nimeopoa majani bwawani. Nimempa Rosa, mke wangu, uji. Nimemkunja na kumnyoosha mguu wa kulia mara ishirini kama tulivyofundishwa. Mguu hauna habari.

Dada wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo kule kliniki, alieleza vizuri: mtu aliyepata kiharusi, maji ya vuguvugu yanambeba, mguu unaanza kukumbuka kazi. Nyuzi thelathini na mbili hivi. Mabwawa ya maji moto yako huko kwa wenye nazo. Basi nikatafuta bwawa hili soko la Muthurwa, la mitumba, turubai ya duara na vyuma vyake. Maji yanafika kiunoni. Limejaza ua wote wa nyuma. Nusu ya mtaa wa Kaloleni imeshakuja kushangaa.

Jumapili nilimtia ndani maji yakiwa baridi. Haraka yangu. Alinikaba shingo akalia. Tangu hapo hataki hata kuliangalia. Mimi ndiye mjinga.

Alhamisi, 10 Julai

Shemeji amepiga simu kutoka Bungoma. Kaka mkubwa wa Rosa. Familia imekaa na kuamua: Rosa arudi nyumbani, dada zake wamwangalie. Mimi mzee peke yangu nitaweza nini. Anakuja na gari Jumamosi ya tarehe ishirini na sita.

Nikamwambia hakuna haja, Rosa ameanza kutembea.

Uongo mtupu. Sijui ulitokea wapi. Na shemeji si mtu wa kudanganywa, ndiye aliyenikabidhi mke.

Rosa akienda nitabaki na makochi na vitambaa vyake. Rosa alishona kitambaa cha kila kitu nyumbani humu: viti, redio, meza, hata chupa ya chai. Mkono uliokuwa unashona ndio huo uliolala. Siwezi kukaa na vitambaa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimejaribu koili ya stima, ile ya kuchemshia maji ya kuoga. Nikafunga mlango wa nyuma, mtu asikaribie. Tokeni za stima zikaisha kabla ya chakula cha mchana. Maji yamepanda nyuzi moja. Moja! Usiku tumekula gizani.

Jumatatu, 14 Julai

Mama Halima, jirani, yule anayenisaidia kumwogesha Rosa, ameleta mpira mweusi wa maji uliokuwa umelala kwake. Nimeuzungusha juu ya mabati, maji yapande kwa pampu ndogo, yakirudi yawe yamepata jua. Jua gani? Julai hii linachungulia tu na kurudi ndani. Nyuzi kumi na tisa. Afadhali kuliko stima, lakini kwa mwendo huu Rosa ataoga Desemba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimewasha boila!

Pipa la mafuta, ndani bomba la shaba nimelizungusha mwenyewe. Moto wa vumbi la mbao. Maseremala hulitupa, wamenijazia magunia wakinishukuru. Ukilishindilia vizuri linawaka taratibu kutwa, moshi kidogo. Maji yanaingia baridi, yanatoka moto. Nimesimama pale nikiwa na miaka ishirini na tano tena.

Nyuzi ishirini na sita saa kumi na mbili jioni. Nalala nikicheka.

Ijumaa, 18 Julai

Nyuzi ishirini asubuhi.

Nimepima mara tatu. Ishirini.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Nimechochea tangu alfajiri. Jioni ishirini na saba. Jana pia ilikuwa hivyo na asubuhi yakarudi yale yale. Nimeongeza vumbi, nimeongeza hewa chini ya pipa. Macho yamevimba. Zimebaki siku sita.

Nimempigia kelele Rosa kwa sababu ya kikombe. Kikombe! Ametazama ukutani mpaka nikatoka nje. Nina aibu.

Jumatatu, 21 Julai

Leo asubuhi nimemkalisha mlangoni ili nimwone nikiwa na moto wangu. Maji yanatoa mvuke kwenye baridi. Mimi nikaona mvuke ni dalili njema. Rosa akaanza kugonga meza kwa mkono wa kushoto. Anagonga chupa ya chai, iliyovaa kitambaa chake. Ananyooshea bwawa kidole. Anagonga tena. Nikamwuliza anataka chai. Akakasirika hasa, uso ukakunjamana.

“Funika,” akasema.

Neno zima. Tangu kiharusi maneno humtoka kwa nadra, na hili ni la kwanza kwa wiki nzima.

Nikakaa chini kwenye ngazi. Miaka thelathini kiwandani, nikimkuta kijana ameacha bomba la mvuke uchi, namfokea hadi geti. Kila bomba nilikuwa navisha koti. Hapa nyumbani nimewasha moto siku nne chini ya mbingu wazi, eti turubai ikiwa juu jua halitaingia. Jua gani!

Mchana wote nimefunika. Karatasi ya nailoni ya vibanda vya mboga, imelala juu ya maji kabisa. Juu yake blanketi kuukuu na turubai. Pembeni nimezungushia godoro la sponji lililokatwa. Kama bwawa lisingekuwa limejaa maji, ningelitandua lote niweke maboksi chini yake, kuzuia baridi ya ardhi.

Jumanne, 22 Julai

Jana jioni ishirini na saba. Leo asubuhi ishirini na sita.

Nimemsomea Rosa namba. Ametabasamu upande mmoja. Ananiona mjinga na ana haki.

Alhamisi, 24 Julai

Thelathini na mbili. Na vumbi nusu ya lile la mwanzo.

Sasa Rosa hataki kuingia. Nimembembeleza, nimeapa. Anatikisa kichwa na kushika kiti. Kumbe mwili haujasahau ile Jumapili. Simlaumu. Kesho kutwa shemeji yuko hapa.

Ijumaa, 25 Julai

Mama Halima amesikia. Akaja, hakuuliza mtu, akapanda ngazi, akaingia bwawani na dera lake na mtandio wake. Akakaa humo kama bibi harusi. Akasema mkiendelea kukataa mimi sitoki, leteni chai huku. Rosa akacheka hadi mate yakamtoka.

Akaingia. Nilikuwa nimemshika kwapani. Nikasikia mwili wake unalegea, kidogo kidogo. Mguu wa kulia ukaelea. Halafu ukakanyaga.

Jumamosi, 26 Julai

Shemeji alifika saa nne. Nilimweleza kila kitu mlangoni kabla hajakaa. Nilidanganya, hatembei, nisamehe. Akanipita akakaa. Nilikuwa nimechinja jogoo, na filigisi nimemwekea yeye, kama ilivyo desturi kwa mgeni wa heshima. Hakuigusa sahani.

Nikampeleka uani. Nikafunua bwawa. Rosa ndani ya maji, mkono wa kushoto kwenye ukingo. Hatua moja. Mbili. Akayumba, mimi mbio, akanikataza kwa jicho. Tano. Akageuka akamtazama kaka yake.

“Siendi.”

Shemeji alivua koti, akakunja mkono wa shati, akaingiza kiwiko majini kama anayepima maji ya mtoto. Akakiacha humo muda mrefu. Halafu akarudi ndani akala filigisi. Gari liliondoka saa tisa, limebeba shemeji peke yake.

Jumapili, 10 Agosti

Thelathini na moja asubuhi. Nimefunika tena.

Nchi kavu bado. Kutoka kitandani hadi mlangoni, akinishika, na kupumzika njiani.

Jana aliomba uzi na sindano. Anashona kwa mkono wa kushoto, wa kulia unashikilia tu. Leo amemaliza kitambaa kimoja, kidogo, kimekwenda upande na kina matundu makubwa. Akanipa, akanionyesha nje.

Nimekiweka juu ya turubai, katikati, na kokoto kisipeperuke.