Binti Mkonge Aombwa Picha

Jumatatu, 4 Aprili 2011
Irfan kaniingiza kwenye mashindano ya blogu bora bila kuniuliza! Nimepita kafe yake hapa Chumbageni baada ya vipindi, akanigeuzia kompyuta huku anacheka. "Ticha, umo!" Nimo kweli. Praxeda hayumo — yumo Binti Mkonge, jina ninaloandikia. Irfan tu ndiye anayejua. Niliandika jinsi mwekezaji wa shamba la mkonge kule Muheza alivyowakatia wastaafu maji. Baba yangu ni mmoja wao. Anaishi nyumba ya kampuni.

Alhamisi, 7 Aprili
Wasomaji wamefurika. Songea, Mtwara, hata Maskati! Mtangazaji wa redio kaomba kuisoma habari ya maji hewani. Nikakubali.
Kura zenyewe vichekesho. Anayeongoza kazi yake picha za harusi za mastaa, na mtu mmoja anaruhusiwa kupiga kura mpaka achoke. Irfan naye hamwachi mteja atoke kabla hajanipigia. Nimemwambia aache, si haki. "Wenzio wanakesha wanapiga," kasema. "Wewe kaa na haki yako."

Jumapili, 10 Aprili
Baada ya misa nimekwenda kwa Baba. Maji yanatoka! Redio imewatia aibu. Mzee kanipokea kisimani — nasema kisimani, bombani! — ndoo imejaa, anacheka peke yake. "Huyo Binti Mkonge, Mungu amzidishie." Nilitaka kusema. Nikameza. Maana Ernesti, msimamizi wa shamba, anapita mlango kwa mlango akiuliza nani anaandika.

Jumatano, 13 Aprili
Nimeingia fainali. Waandaaji wanataka jina halisi na picha, mwisho Ijumaa jioni, la sivyo natolewa.
Irfan: "Toa, ticha! Mtu anayejulikana hawamgusi."
Mimi labda. Na mzee? Hawa watu wa mashindano ndio walionipa masikio, yule wa redio kanikuta hukohuko. Lakini Ernesti naye kamkuta Binti Mkonge hukohuko. Nishukuru au nilaani? Najitoa. Basi.

Ijumaa, 15 Aprili
Baba kapiga simu mchana. Mwandishi kapatikana! Eti Manase, jirani yake, kwa kuwa ana simu yenye intaneti. Jina la kike kajifichia tu, wanadai. Kaambiwa ahame leo hii, na mkewe ni mjamzito. "Yule hata barua ya posa aliandikiwa," kasema Baba.
"Baba, si Manase. Ni mimi."
"Basi mwanangu, tafuta chumba kitakachotutosha wawili." Halafu nikamsikia akipaza sauti nje: "Manase! Rudisha godoro ndani! Ernesti, njoo hapa nikwambie!"
Simu ikakatika.
Nimekimbilia kwa Irfan. Umeme hakuna, mgao. Katoka msikitini, kawasha jenereta, kafunga mlango tuwe wawili tu. Sijitoi tena: jina nimeshawaandikia waandaaji, lote, na la Baba, wasimguse. Picha inapanda polepole. Nampigia mzee — inaita, hapokei. Nampigia tena. Picha imefika nusu. Irfan ananiuliza kama aisimamishe. Nimemwambia aiache ipande.