Shairi la Zimwi Matangani kwa Mama Cheryl

Kimani uko? Usicheke kwanza.

Leo kulikuwa na maombi ya matanga kwa Mama Cheryl, hapa Erdington, huku ughaibuni. Nikaombwa shairi la kumfariji kwa kufiwa na mumewe. Malenga mkubwa mimi, nikasimama, nikafungua simu, nikasoma shairi lingine.

Lile la zimwi la mauti! Zimwi yule wa katuni za Kijapani; shairi nililokutumia wiki jana.

"Ewe wa mbawa nyeusi, juu ya paa waketi,
Waijua kila nafsi, zamu yake huipiti."

Watu wakajibu nini? "Amina!" Kila ubeti, amina. Nilishtuka ubeti wa pili, lakini mimi niketi katikati ya shairi langu? Afadhali nife.

Mchungaji alifumba macho, mikono juu. Kwa zimwi, Kimani! Tena akasema shairi lichapishwe kwenye programu ya mazishi.

Hapo Cheryl, miaka tisa, akamwambia mamake kwa Kizungu, nyumba nzima ikasikia, kwamba huyo si Mungu, ni zimwi la kwenye filamu ya katuni.

Mama Cheryl akanigeukia. "Jairus, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Nisamehe."

"Baba Cheryl alikuwa akiitazama hiyo filamu na huyu mtoto kila Jumamosi, nami nikiwafokea wazime." Akapangusa macho. "Lichapishwe. Na jina lako uliweke chini kwa herufi kubwa, usije ukatoroka."