Mayai Aliyolishwa Chiriku

Ghorofa ya juu, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, mwezi wa nne ukianza.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. U hali gani, na lile goti lako linasemaje siku hizi za baridi? Shemeji naye, kifua kimempa nafasi? Mimi nipo. Macho yaliyopanga herufi za chapa miaka yote ile sasa yana ubaguzi: kubwa yanaziona, ndogo yananiachia nikisie. Miguu inapanda ngazi kwa manung'uniko, lakini inafika.

Barua yako niliipata, na nimechelewa kujibu kwa sababu jibu lenyewe ni zito. Ulitaka nikutajie siku ya kuja, nije moja kwa moja, nisirudi tena huku ugenini. Moyoni nilikuwa nimekubali. Hata nguo nilianza kuzigawa. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana nakujua: hasira yako hutangulia miwani.

Ni habari ya mjukuu wako, huyu wa binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa hajui kunyamaza. Unajua alizaliwa na ugonjwa, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Katika nyama, mayai, maziwa, maharage, katika karibu kila chakula cha kujenga mwili, mna kitu kiitwacho fenilalanini. Ni mojawapo ya asidi amino, yaani vijitofali ambavyo protini hujengwa navyo. Mimi na wewe tukikila, ini hukigeuza kuwa kitu kingine chenye manufaa, na mambo yamekwisha. Ini la Chiriku haliwezi kazi hiyo. Basi kitu kile hubaki katika damu, hujaa, kisha huelekea kwenye ubongo na kusongamana mlangoni, hata vingine ambavyo ubongo unavihitaji vikakosa pa kupita. Mtoto akiachwa hivyo tangu kuzaliwa, akili hudumaa, na degedege humwandama. Kilichoharibika hapo hakirudi.

Bahati yake, walimtoboa kisigino akiwa mchanga, wakaugundua ugonjwa kwenye damu. Tangu hapo maisha yetu ni mizani. Napima kiazi, napima wali, na anachobakiza nakipima tena. Kidogo lazima apate, kwa sababu bila hicho mwili haukui, kikizidi, kinamdhuru. Protini nyingine anaipata katika unga wa hospitali unaokorogwa kwa maji, wenye harufu ya soksi iliyolala ndani ya kiatu. Anaunywa huku amejibana pua, halafu anadai apigiwe makofi.

Binti yangu anafua mashuka hotelini, anatoka alfajiri. Mumewe ni dereva wa lori, tunamwona kama mwezi mwandamo. Nilipoamua kuja kwako, mama yake huyo dereva alikuja kunipokea kazi. Ni mwanamke mwema, mikono yake haijui kukaa bure. Nilimfundisha mizani, akaitikia kila neno. Kumbe moyoni alikuwa ameshatuhukumu. Kwake yeye mtoto mwembamba ni aibu ya nyumba nzima, na babu anayempimia mjukuu kiazi ni babu gani?

Chiriku akaanza kunyamaza. Si kunyamaza kwa adabu. Akawa anavunja penseli, analia bila sababu, ukimwita anakutazama kama uliyemwita ni mtu mwingine. Mwalimu wake akatuuliza kama tuna msiba. Tukapeleka damu ikapimwe, na hospitali wakapiga simu: mtoto anakula nini?

Nikaenda jikoni kuuliza. Nilimkuta mkwe huyo, mama wa dereva, anamenya yai, mtoto yuko mapajani mwake, kinywa wazi kama kinda.

“Mkwe, unafanya nini?”

“Namlisha mjukuu wangu. Nyinyi mnamlisha hesabu.”

“Yai hilo linamuumiza.”

“Linamuumiza! Mimi nimelea saba kwa mayai, na kitinda mimba wao ndiye baba wa huyu. Mbona yeye hakuharibika? Au kuendesha lori nako ni ugonjwa?”

“Babu,” Chiriku akadakia, mashavu yamejaa, “ni tamu lakini.”

Nikampeleka mkwe hospitali. Daktari ndiye aliyemweleza, taratibu, bila kumfokea. Mkwe alisikiliza, akajifunika uso kwa mtandio, akatoka akasimama kwenye korido. Tangu siku ile hagusi sufuria. Hata maji anaogopa kumpa mtoto, ananiita mimi. Amesema atarudi kwake, nami sikumshikilia, ingawa ninamhurumia sana. Alikuja na mapenzi, tukampa mizani.

Kile kitu katika damu kimeanza kushuka, na daktari anasema tumewahi. Jana Chiriku alinisimulia mambo ya paka wa jirani kutoka ngazi ya chini hadi ya juu. Kwa kuhema kwangu sikusikia hata nusu, lakini sikumkatiza.

Najua utasema, basi mlete tumlee huku. Nimeuliza. Unga ule huko haupatikani, na anayepima damu yuko mbali. Tena wewe mdogo wangu, mtoto akikulilia kipande cha nyama, utampa. Usinune. Hata mimi ningempa, nisingekuwa nimesoma.

Kwa hiyo sitakuja. Nimechoka, sikufichi. Nilitamani walau kuamshwa na watu wanaosalimiana kwa lugha yangu chini ya dirisha. Lakini mama yake hawezi kuacha kazi, na hapa anayeijua mizani ni mimi. Binti yangu ameniambia, “Baba, nenda tu, tutajua la kufanya.” Alikuwa amelala kwenye kiti na viatu miguuni alipomaliza kusema hivyo.

Nisalimie shemeji, na shangazi mwenye kicheko cha mbali, na mpwa wetu fundi saa. Chumba ulichonipakia chokaa mpe yeye aolee. Mungu awape afya, na usingizi usiokatwa na simu.

Ukipita makaburini, wasalimie wazee wetu. Waambie nafasi niliyoiomba kando yao wasiishikilie tena.

Wako akupendaye, nikiwa mbali vilevile,

Kaka yako