Rangi ya Kizefania

Wusi, 12 Februari 2024

Shemeji Zephaniah,

Salamu nyingi kama kunguni wa gesti. Mimi mzima. Wewe sikuulizi, maana mtu anayekula nyama ya bucha yake mwenyewe haulizwi afya, anaombewa. Simu zangu hushiki, kwa hivyo barua ataleta mkeo Dinah. Ni dada yangu, namjua, atakusimamia mpaka uisome.

Ile nyama uliyoniuzia nipokee wakwe wa binti yangu Teresia ilikuwa inang'aa. Ukiigeuza hivi ni kijani, ukiigeuza vile ni zambarau, kama shingo ya ndege kwezi. Ukaniambia, "Shemeji, huo ni unono." Kabla mahari haijatajwa, wazee wa Taveta walikuwa wanakimbizana, mishipi mkononi. Choo ni kimoja, shemeji. Migomba yangu imeona mambo.

Wamerudi kwao wakisema nyumba yangu imewapa sumu. Mchumba wa Teresia, Derrick, amenyamaza. Binti yangu hali chakula. Nataka jambo moja: nenda Taveta, useme kwa kinywa chako kwamba nyama ilikuwa yako na ilikuwa mbaya. Usipoenda, dawa yako naijua.

Shemeji yako,
Danson

Voi, 20 Februari 2024

Shemeji mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Huku ni joto, lakini tunashukuru. Dinah amenisimamia kweli, mikono kiunoni.

Nyama yangu ilikuwa na muhuri wa daktari wa mifugo. Kung'aa si kuoza, ni mwanga tu unacheza. Pengine wakwe walikula maharagwe njiani. Taveta siendi, nikitamka neno kama hilo, kesho nafunga bucha. Mpe Teresia pole.

Shemeji yako,
Zephaniah

Wusi, 3 Aprili 2024

Hujambo, Mwanga-Unacheza?

Nimekaa na elimu yangu ya darasa la nne nikagundua kitu. Ile rangi haina jina. Kumetameta kupo, lakini hata sufuria humetameta. Rangi inayokuwa hivi ukiinama na vile ukiinuka, nani ameipa jina? Nimeipa lako. Inaitwa kizefania.

Nilianzia posho mill, foleni ya kusaga unga: "Mama, ona petroli juu ya maji, hiyo ni kizefania." Wakiuliza maana, nawapa asili ya neno pole pole, choo na migomba yote. Watoto wa shule wameliokota. Mende wa kijani, kizefania. Juzi mzee wa kanisa ameita hivyo zile sidii kuukuu za muziki tunazotundika shambani kufukuza ndege, tena bila kucheka.

Nenda Taveta, nitanyamaza.

Shemeji yako,
Danson

Voi, 15 Juni 2024

Shemeji,

Afya nitaulizia siku nyingine. Watoto wanapita bucha wakiimba jina langu. Mteja amegeuzageuza maini kwenye mwanga, akanitazama, akaenda kununua sukuma wiki.

Nakuletea mbuzi, anatembea mwenyewe, umkague. Yaishe. Ila Taveta usinitume. Mtu hajichimbii kaburi kisha akaulizwa kama upana unatosha.

Shemeji yako,
Zephaniah

Wusi, 17 Juni 2024

Shemeji,

Wasalimie wote isipokuwa wewe. Mbuzi kaa naye, atakuliwaza bucha ikifungwa. Teresia bado analia akidhani nimelala. Mimi nataka mdomo wako, Taveta, mbele ya wale wazee.

Neno limefika Mwatate. Halilipi nauli.

Danson, shemeji yako upende usipende

Voi, 28 Oktoba 2024

Shemeji mpenzi,

Natumaini u mzima, maana mimi nimenenepa. Bucha nilifunga Agosti. Furahi, lakini keti kwanza.

Dinah alipanga vitambaa pale pale kwenye kaunta, satini zile zinazobadilika rangi. Mteja wa kwanza akauliza, "Hii kizefania ni pesa ngapi?" Wa pili vilevile. Sasa wanatoka Makwasinyi, wanatoka Kishushe, wanataka kizefania ya kwaya, kizefania ya maharusi. Wakiuliza neno limetoka wapi, nikificha wanaondoka. Nikisema, wanacheka na kuongeza mita mbili. Basi naungama kutwa: nyama ilikuwa yangu, ilikuwa mbaya, na nilijua.

Wiki jana nilimpa hadithi mama mmoja. Nilipofika kwenye migomba akashika kaunta, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Huyo wa migombani ni mume wangu!" Ni mama yake Derrick. Anasema wanarudi kwako mwezi ujao. Nilikwambia siendi Taveta. Taveta imekuja.

Asante kwa jina. Baba alinipa likiwa halina kazi.

Shemeji yako,
Zephaniah (soma kibao juu ya mlango wa duka)

Wusi, 22 Desemba 2024

Shemeji,

Mimi sijambo ya kujikaza. Wakwe walikuja, wakala kuku niliyemchinja mbele yao. Mahari tumepatana. Harusi ni baada ya Pasaka.

Nilikutakia mabaya, nikakutajirisha. Wanawake wa wilaya nzima wamevaa jina lako kifuani, langu haliko hata kwenye kijiko. Nimejaribu kulirudisha. Nimewaambia neno hilo si neno, nililitunga mimi kwa hasira. Wananijibu, "Mzee, wewe Kiswahili hukijui."

Jana Teresia alijaribu gauni lake la harusi. Akageuka pale mlangoni, jua likampata, kijani ikakimbia, zambarau ikaja. Sijamwona akicheka hivyo tangu mwaka uanze. "Baba, rangi hii inaitwaje?" Mamake akaweka mwiko chini asikilize. Nikakohoa. Nikatafuta neno lingine kichwa kizima, na mtoto amesimama ananingoja.

Nililisema.

Shemeji yako,
Danson