Mrija wa Slagi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Leo nimekosa njiwa watatu mfululizo pale ghala la unga, Fairfield. Mimi, Oloo! Bunduki ya upepo imeharibika – siyo mtutu wenyewe, ni ule mrija mwembamba wa ndani unaopitisha risasi. Umeliwa na kutu. Nimemwambia Wayne, bosi wetu wa kazi hii ya kuondoa ndege na wanyama waharibifu, anunue mpya.

Sasa mzozo ni mrija gani. Wa peleti au wa slagi? Peleti ni risasi nyepesi, ina kiuno, ikigonga chuma inabonyea na kuanguka. Slagi ni nzito, imeshiba, inaenda mbali bila kupoteza nguvu. Kila moja na mrija wake. Ukichanganya, shabaha hakuna. Kazi ya ndani ya ghala ni peleti, basi, hiyo si ya kujadili. Wayne anataka slagi. Ati amepata shamba la matunda lenye sungura, huko ni kupiga mbali, na hanunui mirija miwili. Nkt! Bahili huyu.

Jumatano, 4 Juni

Mrija umefika. Wa slagi. Hakuniuliza tena.

Nimemlalamikia Fiacre wakati wa chai. Fiacre ni Mrundi, mhamiaji huku kama mimi, tunafanya kazi pamoja, leseni yake bado mpya. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bunduki, hata namna ya kupumua kabla ya kufyatua. Ananiita grand, kama kaka mkubwa. Akasema, grand, usijichoshe, bosi ni bosi. Tukacheka.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeujaribu peke yangu kwenye karakana yetu, Auburn. Kwanza kipande cha bati la paa – slagi imepita kama haikuona kitu. Halafu nikalenga kipande cha boriti ya chuma, nikiwa nimejikinga nyuma ya mlango wa mbao. Wueh! Imerudi. Imekita kwenye mlango, usawa wa kifua changu.

Nimekaa chini sakafuni. Lile ghala ni chuma juu, chuma pembeni.

Nimemwonyesha Wayne tundu. Kaligusa kwa kidole, kasema mtu apige kwa pembe nzuri tu, na njiwa lazima waishe Jumatatu, sikukuu, wafanyakazi wakiwa hawapo. Jumanne wakaguzi wa chakula wanaingia ghalani, mteja asije akatufukuza. Nikamwambia mimi siendi. Nikautoa mrija, nikauweka mezani mbele yake. Akasema sawa, atapata mtu.

Nimerudi nyumbani nikijisikia mwanaume kweli.

Ijumaa, 6 Juni

Huyo mtu ni Fiacre! Nimeyasikia kwa Wayne. Kwani Fiacre hana simu? Mimi nasimama kwa ajili yetu wote, yeye anapita chini kwa chini. Rafiki gani huyo? Nimeumia, sitaficha.

Jumamosi, 7 Juni

Fiacre amekuja karakana. Hajui kufunga mrija, anaogopa kuubana vibaya. Grand, nisaidie. Akaanza kueleza: mtoto bado mchanga, Belyse mke wake hajarudi kazini, Wayne alimbana hapo hapo ajibu ndiyo au hapana. Nimefunga mrija, nimerekebisha darubini, nimepiga risasi tano zote tundu moja. Kazi safi. Hiyo najua kufanya hata nikiwa nimenuna.

Akauliza kama kuna kitu anapaswa kujua kuhusu slagi.

Nikamwambia, muulize bosi wako.

Akacheka kidogo. Alidhani natania. Ule mlango wenye tundu ulikuwa nyuma yake, na mimi sikuunyoshea hata kidole.

Nimefika nyumbani, Guildford, nimeshika simu, nimeiweka. Nitampigia kesho, hasira zikipoa.

Jumapili, 8 Juni

Sikumpigia. Nilisema yeye aanze. Upuzi.

Jumatatu, 9 Juni

Wayne amepiga simu asubuhi. Jicho. Slagi imegonga boriti ikarudi. Vumbi la unga lilikuwa limeziba miwani ya kinga, Fiacre akaivua ili aone.

Ee Mungu.

Jumanne, 10 Juni

Hospitali. Jicho la kulia limetolewa. Daktari anasema la kushoto ni zima. Eti tushukuru.

Belyse yuko na mtoto mgongoni. Amenishika mkono, aksanti kaka, aksanti kwa kuja. Anasema jana alfajiri alimsihi Fiacre asiende, roho yake ilikuwa nzito. Fiacre akamtuliza: bunduki amefunga Oloo mwenyewe, kungekuwa na hatari Oloo angeniambia. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananishukuru! Nimejichukia.

Mchana amekuja inspekta wa usalama kazini, mama mmoja mpole. Kiingereza cha Fiacre ni kidogo, na leo hata hicho kimempotea. Inspekta alisema kuna wakalimani wa simu. Fiacre akakataa, akamwambia Belyse anataka Oloo atafsiri, Oloo hatabadilisha neno.

Nimekaa kando ya kitanda. Maswali ya kwanza mepesi – jina, kazi ameanza lini, nani alimfundisha. Hapo Fiacre akanionyesha mimi, akatabasamu na bandeji yake. Nikatafsiri. Halafu inspekta akauliza kama kabla ya Jumatatu kulikuwa na mtu yeyote anayejua kwamba slagi hurudi ikigonga chuma, na kama mtu huyo alimwonya.

Nimesema naomba kwenda msalani. Niko kwenye kiti hapa koridoni, naandika huu upuzi badala ya kurudi ndani. Wayne ameketi kule mwisho. Ananitazama, anatikisa kichwa pole pole. Anataka ninyamaze.

Mlango uko wazi. Inspekta amerudia swali, ananingoja.

Fiacre anaita. Grand? Grand, ameuliza nini?