Vyondo Saba Ukutani

Jumanne, 19 Agosti 2025

Nimefika Kitui. Kabla ya lingine lolote niwataje wale nimeacha nyumbani Mukuyuni, mmoja mmoja, vile huwa nawaombea. Baba Ndunge na goti lake — Mungu alishikilie, asiende kuvuna mbaazi peke yake. Kasyoki kijana wangu, ambaye ameapa atakamua ng'ombe na najua hatakamua. Nzisa mke wake, na tumbo la miezi saba. Kaluki jirani yangu, macho yanazidi kufifia, na bado alinisindikiza mpaka barabarani akipapasa njia na fimbo. Wote nimewaacha wazima. Hata mimi mzima, ila miguu imevimba.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku, hata mistari miwili, herufi zisitukimbie. Basi naandika.

Ndunge binti yangu amekonda. Ati ndiyo fashoni. Anasema nimekuja kupumzika tu: kesho makumbusho, kesho kutwa galari, ile nyumba ya kuangalia picha. Siku tano bila jembe! Nimemuuliza mara mbili kama kuna shida.

"Mwaitu, kwani mtu hawezi kuita mama yake bure?"

Nimefurahi.

Jumatano, 20 Agosti

Makumbusho. Chumba kimoja na nusu. Wameweka kinu, mzinga wa nyuki, kibuyu, kiti cha miguu mitatu. Vyote nyuma ya kamba, na karatasi: usiguse. Mwanamke wa pale akanieleza kibuyu ni cha nini. Pole pole, kama anaongea na mzungu. Nilimsikiza mpaka mwisho. Nikamwambia changu kiko na uji hata saa hii. Alicheka sana. Mimi kidogo.

Kile kiti ni kama cha baba mkwe. Nikauliza nani alichonga. Akasema hawajui, vitu vya zamani havina mwenyewe. Havina vipi? Si vilitoka kwa nyumba ya mtu?

Jioni Ndunge akatoa nyuzi za mkonge kwa begi. Anataka nimwonyeshe kuanza kitako cha kiondo, kikapu chetu. Huyu! Nilimbembeleza miaka yote akiwa msichana, alikuwa akiona nyuzi anakumbuka ana homework. Nikasema asante Mungu, hujachelewa. Tukakaa chini kwa mkeka. Vidole vyake ni vigumu. Na kuanza ndiyo kazi yenyewe — nyuzi zinapishana katikati, ukikosea hapo kiondo kizima kitapinda mpaka mdomoni. Ameanza mara nne. Mara nne kimepinda. Akalia.

Kulilia kiondo? Nikamuuliza haraka ni ya nini. Akasema ni ya Jumamosi. Hakusema Jumamosi kuna nini.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Galari ilikuwa stoo ya mahindi. Sasa imepakwa nyeupe mpaka macho yanauma. Mwenyewe anaitwa Wangechi, mtu wa Nyeri, mvi fupi, sauti ya chini. Ndunge alibaki nje na simu. Wangechi akanishika mkono, akaniingiza.

Vyondo vyangu. Ukutani, kwa misumari. Saba. Vile Ndunge alikuja kuchukua mwezi wa pili, ati kuna marafiki wanataka kuviona. Vitano ni vyangu. Viwili ni vya Kaluki, vya mwisho kusuka kabla ya macho kuharibika. Mimi ndiye nilienda kumwomba. Alivipanguza na nguo yake kabla hajanipa.

Mwanzo nilifurahi, mjinga mimi. Nikaona tumeheshimiwa. Kulikuwa na karatasi ya Kizungu, nikatafuta jina langu, nikatafuta la Kaluki. Nikamwomba Wangechi anisomee kwa Kiswahili. Akasoma. Msanii ni Ndunge Ndeti. Vyote saba amesuka na mikono yake, miaka mitatu. Na ule mstari mwekundu kwa kile kikubwa ni hasira ya mwanamke wa Ukambani.

Hasira! Ule mstari ni sweta ya Ndunge ya darasa la tatu. Uzi mweusi uliniishia, nikaifumua. Siku hiyo nilikuwa naimba.

Wangechi akaniuliza, na wewe mama, pia unajua kusuka?

Nikasema kidogo.

Kidogo. Mimi!

Ijumaa, 22 Agosti

Ndunge amesema yote, akiangalia dirisha. Kesho wageni wanakuja kuchagua msanii mmoja, apelekwe ng'ambo kusoma mwaka mzima. Watataka kumwona akianza kiondo mbele yao. Anasema ukiwaambia ni kazi ya kina mama wa kijiji, wanaitoa ukutani wanaiweka kwa meza ya kuuza, karibu na sabuni na asali. Ukutani wanataka mtu mmoja mwenye jina. Pengine ni kweli. Anasema pia yeye ndiye alivipanga, na kupanga ni kazi.

Nikamwambia hata mimi kila asubuhi napanga sufuria.

Halafu akaja akakaa chini, karibu na miguu yangu, kama alivyokuwa mdogo. Akasema, "Mwaitu, hujawahi kuninyima kitu."

Hapo nilishindwa. Nilimpa ziwa, nimnyime kiondo? Nikamwambia achukue vyangu, vitano vyote, na jina juu yake. Lakini vya Kaluki si vyangu kupeana. Ampigie, amwombe.

"Kaluki haoni, Mwaitu. Atajuaje?"

Nimeyaandika vile aliyasema. Huyo nilimzaa mimi. Nilimlea na maombi. Na akiwa na surua, ni huyo huyo Kaluki alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mimi nikiwa nimejifungua Kasyoki wiki hiyo.

Saa kumi Wangechi akaja na mkate na maziwa. Ana adabu, siwezi kumsema vibaya. Akaniomba kesho nisimame mbele ya wageni nitoe ushuhuda, vile nilimwona mtoto wangu akisuka tangu utoto. Alisema ushuhuda. Kwetu ushuhuda unatolewa kanisani, na anayesikiza si mtu. Akaongeza kwamba kuna mgeni mmoja ameuliza kama kweli ni mkono mmoja umesuka vyote.

"Wewe mama ukisema, maneno yataisha."

Ndunge alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama. Nikamwambia Wangechi ale kwanza.

Jumamosi, 23 Agosti

Ndunge amenipigia pasi gauni la kanisa. Asubuhi nimemwanzia kitako, amekiweka kwa begi, ataendelea nacho kama ni yeye alianza. Hakuniomba. Aliweka tu nyuzi karibu na mimi, na mikono ikafanya kabla moyo haujakubali.

Sasa tuko galari. Niko chumba cha nyuma, kitabu kwa goti. Wanajaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili. Ndunge amepita mara tatu kunirekebisha kitambaa. Vidole baridi kama vya mgonjwa. Namhurumia mpaka nachukia hiyo huruma. Akikosa hii nafasi atasema ni mama yake alimfungia mlango. Akiipata, nitapita kwa Kaluki nikisema nini? Ataniuliza tu kama watu walivipenda.

Kupiga simu siwezi, ukuta ni wa mbao na Ndunge yuko pale. Nimetuma kwa simu ya Nzisa. Nzisa atajua, basi ajue. Nimeandika hivi:

"Nzisa, enda kwa Kaluki umsomee pole pole. Kaluki, vyondo vyako viwili viko ukutani Kitui kwa jina la Ndunge. Wanataka niseme ni yeye alivisuka. Vyangu nimempa. Vyako sisemi kitu mpaka uniambie. Ukikubali nipigie flashi mara moja. Ukikataa mara mbili."

Saa nne na dakika kumi. Hakuna.

Saa nne na nusu. Watu wameanza kukaa, nasikia viti.

Simu imelia. Mara moja. Ikakata.

Nimehesabu mpaka ishirini. Nikahesabu tena. Kule kwa Kaluki netwaki inashika ukiwa karibu na choo, na hata hapo inakatika katikati. Wangechi amefungua mlango, anaita mama wa msanii. Ndunge yuko nyuma yake, anaangalia simu kwa mkono wangu. Nimewaonyesha kidole, dakika moja tu. Nimetuma tena:

"Kaluki, ni hiyo moja, ama ya pili imekwama njiani? Usiniache hivi. Nijibu haraka."